Kilele cha parasetamoli kimehama, jeli yangu ina nini?

Mpishi_wa_Jeli: Wakuu, habari za jioni. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni sensa ya mkononi ya kupimia parasetamoli. Elektrodi ni za kaboni, zile stripu za kuchapwa, nami napaka haidrojeli (jeli yenye maji) ya PEDOT:PSS, plastiki inayopitisha umeme, juu yake. Potenshiostati, kifaa kinachobadilisha volti huku kikipima mkondo, ni kiboksi cha kuenea kiganjani, grafu inakuja kwenye simu. Nasaga kidonge cha miligramu 500, nayeyusha kwenye bafa ya pH 7.4 (maji yanayoshikilia kiwango cha asidi kisiyumbe), nachuja, nadondosha tone.

Jeli ya kwanza ilinipa kilele safi, pale mkondo wa dawa unapofika juu kabisa, kwenye volti 0.38. Jumatatu nikapika nyingine, kilele kikaruka hadi 0.52. Kidonge kilekile, bafa ileile! Msimamizi anasema dawa imeharibika. Moyo wangu unakataa, na Ijumaa nawasilisha.

FundiVolti: Dawa ikipungua kilele kinafupika, hakihami hivyo. Hiyo jeli ya pili uliiloweka kwenye nini, na kwa muda gani?

Mpishi_wa_Jeli: Ya kwanza ililala kwenye bafa. Ya pili nimeisuuza kwa maji yaliyokenekwa, dakika kumi hivi. Nilikuwa nakimbizana na mgao wa umeme.

FundiVolti: Basi umejijibu. Ile PSS ya kwenye jeli ni asidi, na hujaitoa. Parasetamoli ikioksidishwa inaachia elektroni 2 na protoni 2, kwa hiyo pH ikishuka kwa 1 kilele kinapanda karibu milivolti 59. Wewe umepanda 140. Gawanya, unapata kama 2.4. Maana yake ndani ya jeli pH iko kwenye 5, hata kama bafa yako ni 7.4, tone moja haliwezi kuisafisha jeli nene. Loweka usiku kucha, badilisha bafa mara tatu. Kabla ya yote gusisha karatasi ya pH kwenye jeli yenyewe.

Mama_Bika: Na isikauke, mwanangu. Kama jeli imefunika mpaka elektrodi ya rejea, ile ambayo volti zote zinapimwa kwa kulinganishwa nayo, maji yakiondoka kloridi inajazana: ikifika maradufu, rejea inayumba kama milivolti 18. Tia gliserini kidogo, stripu zikae kwenye kopo lenye pamba yenye unyevu. Siku ukihamia kwenye mate ya mgonjwa tutaongea habari za vitamini C na asidi ya yuriki, hizo ni kero nyingine.

Mpishi_wa_Jeli: Karatasi imesoma 5! Jeli iko kwenye bafa sasa hivi, nimeifunika na kisosi. Msimamizi sijamwambia bado.