Ulinganisho: helmeti ya bei nafuu kwa otokrosi – M, SA au mtumba?

GiaYaPili
Wakuu, habari zenu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Nimeshakimbia otokrosi mara tatu, ile ya koni kwenye uwanja wa lami, gari moja moja na saa inahesabu (nafafanua kwa sababu kuna nchi ambako jina hilohilo ni la mbio za vumbi). Mara zote nimevaa helmeti ya kuazima ya klabu. Ya juzi ilikuwa kubwa. Kila nikikanyaga breki inateremka hadi kwenye nyusi, na kwenye kona ya mwisho nikawa naona nusu ya koni tu, juu yake ni bitana nyeusi. Nikagonga mbili, kwenye raundi ambayo nilikuwa naiendesha vizuri kuliko zote. Iliniuma sana. Nataka yangu.

Gari ni dogo la matumizi ya kila siku, lina dirisha la paa. Navaa miwani. Nimebakiwa na hizi nne (M na SA ni alama za viwango vya Snell, wapima helmeti, na namba ni mwaka wa kiwango):

1. Ya uso wazi, Snell M2020
2. Ya kufunika uso wote, M2020
3. Ya kufunika uso wote, SA2020 (hii ndiyo ghali zaidi)
4. Mtumba, SA2015, muuzaji anasema haijawahi kuanguka

Nichukue ipi?

KoniTano
Mkuu, kabla ya M na SA anza na kichwa chako. Hicho ndicho kilichokugongesha zile koni.

Tafuta tepu ya fundi cherehani. Izungushe kichwani, kama sentimita mbili na nusu juu ya nyusi, ipite pale kisogo kilipotokeza zaidi. Pima mara tatu, uchukue namba kubwa. Kisha iangalie kwenye jedwali la mtengenezaji wa helmeti unayoitaka, maana saizi L ya huyu si L ya yule.

Halafu kuna umbo, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Kuna vichwa vya mviringo na kuna vichwa virefu kutoka paji hadi kisogo. Helmeti ya kichwa cha mviringo ukiivika kichwa kirefu inabana paji na kuacha nafasi pembeni. Vaa dakika ishirini, thelathini, ukiwa umekaa tu nyumbani. Ukiivua ukakuta alama nyekundu katikati ya paji na kichwa kinagonga, umbo hilo si lako hata kama namba ni sahihi. Mashavu ni habari nyingine: yakibanwa hadi ukitafuna unajiuma kwa ndani, usiogope, sponji za mashavuni hulegea kwa kuvaliwa. Ukinunua inayokaa raha kabisa siku ya kwanza, baada ya msimu mmoja itakuwa inacheza kama ile ya klabu.

Mwisho, funga mkanda wa kidevuni, mwambie mtu aisukume helmeti kutokea kisogoni kwenda mbele kwa nguvu. Ikikuvuka kichwa, irudishe.

Mzee wa Gereji
KoniTano kamaliza upande wa kichwa, mimi niseme ya viwango.

Snell ni taasisi ya Marekani iliyoanzishwa 1957, kwa kumbukumbu ya dereva William "Pete" Snell, aliyekufa mbioni 1956 baada ya helmeti yake kushindwa kumlinda. Tangu hapo kazi yake ni kupima helmeti, na vigezo vyake hupitiwa upya takriban kila miaka mitano, ndiyo maana unaona 2015, 2020, 2025.

M ni ya pikipiki. SA ni ya mbio za magari. Zote zinapimwa mapigo makali, lakini SA inaongezewa mambo mawili: inapimwa moto, na inapimwa pigo dhidi ya bomba la chuma, kwa sababu gari la mbio lina mabomba ya kinga karibu na kichwa cha dereva. K, ya karting (vigari vidogo vya mbio), inapimwa bomba, moto haipimwi.

Sasa jiulize gari lako lina nini. Halina mabomba. Unakimbia peke yako, mara nyingi gia ya pili, na ukikosea unagonga plastiki. Pale kanuni zinaporuhusu M, na SCCA, klabu kubwa ya michezo ya magari ya Marekani, inaruhusu kwenye Solo, mashindano yake ya otokrosi, M inakutosha.

Tena M ina faida moja ambayo hawaisemi madukani. SA inaruhusiwa kuwa na tundu la macho jembamba. Mwendesha pikipiki lazima aone pembeni, kwa hiyo M huwa na tundu pana. Kwenye otokrosi macho yako yanatakiwa yawe koni mbili tatu mbele, na mara nyingi hizo koni ziko nje ya kioo cha mbele, ziko kwenye dirisha la ubavuni. Tundu pana utalipenda.

NguvuYaNyuma
Mzee shikamoo. Naheshimu hesabu yako ila sikubaliani na mwisho wake.

Huyu ndugu kaanza na koni, na mwakani ataenda kwenye saketi. Karibu kila niliyeanza naye alienda. Huko waandaaji wengi wanataka SA, M haiingii hata uwe umeinunua jana. Atanunua mara mbili. Halafu SA tangu 2015 zinakuja na matundu ya skrubu ya kufungia kifaa cha kukinga shingo kwenye ajali, HANS na wenzake. Kwenye M hayapo, na usije ukakubali mtu akutobolee gamba kwa drili.

Mkuu GiaYaPili, kama una mpango wa saketi hata kwa mbali, subiri uongeze akiba, endelea kuazima mwezi mmoja au miwili, uchukue namba 3. RaceQuip na Zamp wanatengeneza SA za daraja la chini, si lazima ukimbilie za ghali kama Arai.

MkaguziWaAsubuhi
Mimi ndiye ninayekagua helmeti kwenye klabu yetu kabla gari halijaingia uwanjani. Nikipokea helmeti sitazami rangi wala jina, nainua bitana kutafuta stika ya Snell iliyobandikwa ndani. Hapo ndipo inapoishia safari ya wengi.

Stika ya nyuma iliyoandikwa DOT, kiwango cha serikali ya Marekani cha helmeti za pikipiki, peke yake haitoshi kwetu. Kwa DOT mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe, serikali inakuja kupima baadaye baadhi tu zilizoko sokoni. Nawarudisha watu wenye helmeti mpya kabisa, nzuri kwa macho, na inanisikitisha kila mara kwa sababu wamelipa hela yao. ECE, kiwango kinachotumika Ulaya, ni tofauti, hiyo hupimwa kabla ya kuuzwa, na toleo lake la 22.06 limeongeza pigo la mshazari linalozungusha kichwa. Baadhi ya waandaaji wanaikubali, wengine hawaikubali. Soma kanuni za unapokimbilia kabla ya kununua.

Mkikuta M2020D na M2020R msichanganyikiwe. D imefuatana na DOT, R na ECE. Zote ni Snell.

Kuhusu namba 4: angalia klabu yako inarudi nyuma viwango vingapi. Wapo wanaokubali cha sasa na viwili vilivyotangulia, wapo wanaoishia kimoja. SA2015 ikishapitwa na 2020 na 2025, umebakiwa na muda mfupi sana wa kuivaa.

Bitana_Nyeusi
Namba 4 achana nayo hata kama stika bado ni halali. Nasema hivi kwa yaliyonikuta.

Nilinunua mtumba kwa mtu niliyemwamini, gamba linang'aa, hakuna mkwaruzo. Nikaivaa mara mbili. Siku moja nikavua bitana nikaifue, na taa ya simu ikamulika lile povu gumu jeupe lililo chini yake. Upande wa kushoto, juu ya sikio, kulikuwa na bonde la ukubwa wa kidole gumba, na ufa mwembamba kama unywele unatoka hapo kwenda kisogoni. Kwa nje huoni kitu.

Lile povu ndilo linalokulinda. Kazi yake ni kubonyea ili kichwa kisimame taratibu, na likishabonyea halirudi. Pale kwenye bonde nilikuwa nimevaa gamba tupu. Nililikata mikanda siku hiyohiyo ili asije akaliokota mwingine. Na hata isiyopata pigo, Snell wenyewe wanashauri kubadilisha baada ya miaka mitano, jasho na gundi vina mwisho wake.

DadaKoni
Mbona hamjagusa miwani na paa? Kaka, mimi navaa miwani na nimepitia uso wazi na uso wote.

Uso wazi ni raha. Miwani inabaki usoni, joto ni kidogo, mwenzako kiti cha pembeni anakusikia. Lakini kidevu na meno viko nje, na usukani hauko mbali. Nilihamia uso wote baada ya msimu mmoja. Miwani unavua kwanza, unavaa helmeti, halafu unaipenyeza. Mikono ya miwani iwe imenyooka, isiwe ile ya kujikunja nyuma ya sikio. Jaribu na miwani yako mwenyewe kabla ya kulipa.

Dirisha la paa linakula nafasi ya juu. Kaa kwenye gari na helmeti, mkanda umefungwa, kiti kilipo unapoendesha. Kiganja bapa kipite kati ya helmeti na paa. Kisipopita, shusha kiti, lala nyuma kidogo. Kama haiwezekani, hata helmeti nyembamba haitakuokoa, itakuwa inagonga paa kwenye kila tuta la lami.

GiaYaPili
Wakuu asanteni sana, mmenisaidia kuliko nilivyotarajia. Mrejesho:

Kichwa ni sentimita 57. Miezi yote hii nilikuwa naazima L, kumbe saizi yangu ni M (ya ukubwa, si M ya Snell). Nilijaribu tatu za uso wote. Ya kwanza iliniwekea ile alama nyekundu ya paji ndani ya robo saa, ikabidi niiache ingawa ndiyo iliyokuwa ya bei nafuu zaidi. Ya pili ilikataa miwani. Ya tatu imekaa. M2020, stika nimeiona kwa macho, kiganja kinapita chini ya paa baada ya kushusha kiti ngazi mbili.

NguvuYaNyuma, hoja yako nimeifikiria usiku mzima. Saketi kwangu bado iko mbali, na hela iliyobaki nataka iende kwenye matairi na ada za kushiriki. Nikifika huko nitanunua SA nikiwa najua kichwa changu.

NguvuYaNyuma
Sawa kaka, umeamua kwa hesabu. Hongera.

KoniTano
Safi sana. Usiihifadhi kwenye buti pamoja na dumu la petroli, mvuke wake unaharibu lile povu. Na usiiache ikining'inia kwenye kioo cha pembeni ukisubiri zamu, upepo wa gari linalopita unaidondosha.