Kuja Mombasa kufundisha na kujitolea: naombeni ushauri

Kutoka Iringa

Habari za majukumu, ndugu zangu Watanzania mlioko Mombasa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimefundisha Hisabati na Kiswahili. Kuna shule ndogo ya jamii upande wa Likoni imenikubali nijitolee kuanzia Januari. Wao watanipa chumba hapo hapo shuleni na chakula cha mchana. Naombeni mwenye uzoefu anieleze: kwa kuwa sitalipwa mshahara, kibali cha kazi nakihitaji kweli? Maisha yakoje? Na kuna jambo gani la kujiandaa nalo ambalo watu hawalisemi? Rafiki zangu wananiambia Mombasa ni kama Tanga tu, nisihangaike.

Natanguliza shukrani. Dada yenu.

Jibu, kutoka Likoni

Dada, karibu sana, na hongera kwa moyo huo.

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalowaponza wengi. Mombasa na Tanga zinafanana kweli. Upepo ni ule ule, muhogo ni ule ule, ukiingia soko la Kongowea ukaulizia nazi hutafuti maneno. Kwa sababu hiyo mtu anashuka kwenye basi Mwembe Tayari na begi lake, hana karatasi hata moja, akiamini amehamia mtaa wa pili. Hii ni nchi nyingine, ina sheria zake za shule, na anayekutana nazo wa kwanza ni mwalimu. Jiandae kama mtu anayekwenda mbali.

Kibali unakihitaji. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 haiangalii kama unalipwa au hulipwi, inaangalia kama unafanya kazi. Sisi wa Afrika Mashariki hatuombwi viza. Ukitoka Horohoro ukafika Lunga Lunga unagongewa muhuri, na unaweza kupewa hadi miezi 6. Lakini huo ni muhuri wa mgeni aliyekuja kutembea, haukuruhusu kusimama mbele ya darasa. Shule ndiyo inayopaswa kukuombea kibali, na maombi hufanywa mtandaoni. Waulize sasa, kabla hujaaga kazini kwako: nani ataomba, nani atalipa, na utasafiri kabla ya jibu au baada yake? Ukikaa zaidi ya miezi 3 unatakiwa pia kujiandikisha upate kitambulisho cha mgeni, nacho kitakufaa kila mahali unapoombwa kujitambulisha.

Halafu kuna TSC, Tume ya Huduma za Walimu. Huku kila anayefundisha, iwe shule ya serikali au ya binafsi, anatakiwa kuwa amesajiliwa nao. Ni sheria ya mwaka 2012. Vyeti vyako vya nyumbani navyo vitahitaji kutambuliwa na KNQA, mamlaka inayolinganisha sifa za masomo za nje na za hapa. Kwa hiyo beba vyeti halisi vya sekondari na vya chuo, matokeo yako yote, nakala zilizogongwa muhuri wa wakili, na hati ya polisi ya tabia njema. Yamalize hayo ukiwa Tanzania. Kufuatilia karatasi ya NECTA, Baraza la Mitihani la kwetu, ukiwa Likoni ni mateso ya bure.

Sasa darasani, na hapo nitakaa kidogo.

Huku wanahesabu 2-6-3-3-3: miaka 2 ya awali, 6 ya msingi, 3 ya sekondari msingi, 3 ya sekondari pevu, kisha chuo. Mtaala huu wa umilisi ulianza 2017 kuchukua nafasi ya 8-4-4, mfumo wa zamani uliodumu tangu 1985, na KCPE, mtihani wa kumaliza msingi wa mfumo huo, ilifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Mwaka una mihula 3, si 2 kama kwetu, kwa hiyo likizo ni fupi fupi na muhula hauna nafasi ya kusuasua. Azimio la kazi na andalio la somo unayajua tayari. Utakachojifunza upya ni namna ya kupima: unaandika kwamba mtoto amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake, na lazima uwe na ushahidi wa kila mmoja. Pakua muundo wa mtaala wa gredi utakayopewa kwenye tovuti ya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, na uusome kabla hujafika.

Ulisema unafundisha Hisabati. Kuanzia Gredi ya 4 masomo yote isipokuwa Kiswahili na lugha nyingine hufundishwa kwa Kiingereza. Wewe umezoea kusema “kigawe kidogo cha shirika”, huku mtoto anakijua kwa Kiingereza tu, na mtihani wake utamuuliza hivyo hivyo. Ukiona ni mzigo, omba gredi za chini au uombe Kiswahili. Hakuna aibu katika kuchagua mahali utakapowafaa watoto.

Jambo ambalo watu hawalisemi ni fimbo. Kwetu kanuni bado zinaruhusu viboko chini ya mkuu wa shule. Kenya imekataza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inasema asiadhibiwe mtoto mwilini wala asinyanyaswe kisaikolojia, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Utawaona baadhi ya walimu wameshika kitu mkononi, na wazazi wengine watakuambia “mwalimu, mchape tu”. Usikubali. Naamini hivyo hata pasingekuwa na sheria, kwa sababu nimeona darasa la watoto waoga na darasa la watoto wanaouliza, na najua lipi linasoma.

Kwenye Kiswahili, njoo na masikio. Mji huu ndio wa mshairi Muyaka bin Haji, na ni hapa hapa mkutano wa mwaka 1928 ulipoamua Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja. Kimvita, lahaja ya hapa Mombasa, kilibaki majumbani, na bado kiko hai. Mtoto akikuambia “mwalimu, yule yuwaja”, hajakosea, ameongea kama nyanya yake. Mfundishe sanifu kwa ajili ya kuandika na mtihani, wala usimcheke wala kumkatiza anapohadithia. Sisi tunaotoka Tanzania tuna mazoea ya kudhani lugha tumekuja nayo sisi. Wazee wa hapa wanaliona hilo mara moja, na wanakaa kimya.

Nikupe kitu kilichonisaidia. Watoto wangu wa Gredi ya 3 walikuwa wanasoma kwa sauti nzuri sana, lakini ukiuliza wamesoma nini, kimya. Vitabu vilikuwa haba, watatu wanachangia kimoja. Nikawaambia kila mmoja akanakili jina la leso (kanga) moja ya nyumbani kwao, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, alilete kwenye daftari. Kesho yake walinizunguka kabla kengele haijalia. Msichana mmoja akasoma ya mama yake, “Usisafirie nyota ya mwenzio”, na ubishi ukaanza. Mmoja akasema ni habari ya mabaharia. Mwingine akasema hapana, shangazi yake huivaa akipita mbele ya jirani fulani. Wa nyuma kabisa, ambaye hakuwa akifungua mdomo, akasimama akauliza: sasa nyota ya mtu anaijuaje mwenzake? Nikaacha somo nililoliandaa, tukaendelea na hilo. Tangu hapo tuna daftari la leso, na watoto huliomba wenyewe.

Ukitaka kuanzisha klabu ya kusoma baada ya masomo, usipange saa peke yako. Watoto wengi wakitoka shule huenda chuoni, kwa maalim wao wa Qurani, na wengine wikendi pia. Nenda kamsalimie maalim wa mtaa, muulize saa ipi haigongani na yake. Akikukubali yeye, wazazi wamekukubali. Mwezi wa Ramadhani punguza michezo ya kukimbia, watoto wadogo nao hujaribu kufunga.

Mwisho, feri ya kuvuka kati ya Likoni na kisiwani. Anayevuka kwa miguu halipi, magari ndiyo hulipa, lakini umati wa asubuhi na wa jioni si wa kila siku kwa mtu mwenye kipindi cha kwanza. Shule ikiwa Likoni, lala Likoni. Hicho chumba cha shuleni kichukue.

Mwalimu mwenzako.

Nyongeza, kutoka Kisauni

Namuunga mkono mwalimu wa Likoni katika yote isipokuwa chumba cha shuleni. Dada, kama una uwezo, panga chumba nje, hata kidogo, kwenye nyumba ya Kiswahili yenye familia. Nimejitolea kwenye kituo cha watoto nikalala hapo hapo. Unakuwa mlinzi usiku, mpishi Jumapili, na mpokea wageni siku ya kupumzika. Hakuna anayekuonea kwa makusudi, ni kwamba upo. Ukikaa mtaani utapata majirani, utajua kununua mbaazi na mahamri ya asubuhi kwa nani, na ukiumwa kuna mtu wa kugonga mlango.

Unapotafuta chumba uliza maji kwanza, kodi baadaye. Maji ya bomba ya Mombasa yanatoka mbali, Mzima kule Tsavo na Baricho kule mto Sabaki, na mitaa mingi hayafiki kila siku. Visima vingi ni vya chumvi: unaogea na kufulia, chai huipikii. Ya kunywa utanunua kwa mitungi kutoka kwa watu wa mikokoteni. Weka hilo kwenye hesabu yako ya mwezi. Na hesabu zenyewe zifanye polepole, kwa kuwa shilingi moja ya huku ni karibu 20 za kwetu. Bei utaiona ndogo mpaka uizidishe.

Wewe wa Iringa, joto la kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, litakuchosha. Utaanza Januari, katikati yake. Beba nguo za pamba nyepesi zinazofunika mabega na magoti, vaa hizo darasani na mtaani, utaheshimika. Sweta moja inatosha, ya safari.

Halafu, Tanzania ina ubalozi mdogo hapa hapa Mombasa. Nenda ujiandikishe wiki ya kwanza, usingoje shida. Na picha za watoto usipige kuwatumia rafiki zako nyumbani. Mzazi hajakupa ruhusa hiyo, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamlindia mtoto faragha yake.

Kutoka Iringa tena

Mungu awabariki, nimesoma mara mbili. Nimewapigia simu leo. Mkuu wa shule ni mtu mwema sana, ila kaniambia nije kwanza kama mgeni, karatasi zitafuata, kwani “wengi wamefanya hivyo”. Nimwambieje bila kumvunja moyo?

Jibu, kutoka Likoni

Dada, usije hivyo. Ukikamatwa ni wewe utakayerudishwa, na watoto watabaki bila mwalimu katikati ya muhula. Mwandikie kwa heshima, kwa maandishi, kitu kama hiki:

“Mwalimu mkuu, nashukuru kwa kunipokea. Niko tayari kuja na kukaa mihula yote 3 ya mwaka. Naomba tuanze maombi ya kibali sasa. Nakutumia nakala za pasipoti na vyeti vyangu leo. Kama jibu halitakuwa limetoka ifikapo Januari, nitaanza muhula wa pili. Wakati nasubiri naweza kuandaa maazimio ya kazi ya Kiswahili na kuyatuma kwa barua pepe, mwalimu aliyepo ayatumie.”

Akikubali, ujue umepata shule inayokutaka. Akikataa au akanyamaza, niandikie. Upande huu kuna shule nyingine zinazohitaji mwalimu wa Kiswahili, na ninazijua mbili ambazo wakuu wao hushughulikia karatasi kwanza. Na hata hiyo ya kwanza ikikubali, niulizie ni gredi ipi watakayokupa, nianze kukuwekea vitabu.