Nani Aliua Bosi Malakiti?

Kikundi: AVENYU YETU, KATUBA, LUBUMBASHI (bajirani tu, hapana biashara)
Jumamosi, 20:52

*Shefu ya Avenyu:* Bajirani bapenzi, ni na huzuni kubwa minatangaza kifo ya Tonton Zéphy, ku parsele ya Nkambo Léonie. Kila nyumba 5 000 franka. Banaume balete viti na bashe (turubai), bamama kuni na maji. Matawi ya kilio tayari iko mu barabara. Mungu amupokee.

*Papa Mekano:* Yesu! Zéphy?? Saa kumi alikuwa hapa kwangu anacheka. Na eko na deni yangu ya 12 000. Minalia mara mbili

*Mama Ngoie:* Ni miye niliona na macho yangu. Nilienda kuomba chumvi, nakuta Zéphy analala chini mu salo, shuka nyeupe mupaka ku kidevu, bantu bamemuzunguka banaulizana nani aliua, nani aliua, na hata mumoja mwenye kulia hakuna. Tantine Béa amevaa miwani ya jua, USIKU, anakunywa bia ya Simba pembeni ya mufu

*Mama Ngoie:* Nikakimbia. Hata chumvi sikuchukua

*Yaya Nono:* Bajirani mungoye mungoye mungoye. Hakuna muntu alikufwa. Ni muchezo!!

*Papa Mekano:* Muchezo ya kufwa?

*Yaya Nono:* Bon nieleze. Nkambo anatimiza miaka 70 leo, tukasema kila aniversere ni kukula na kucheza danse, leo tufanye kitu ya akili. Mumoja anajifanya amekufwa, bengine ni bashukiwa, kila mushukiwa eko na karatasi yenye kumuambia yee ni nani na alikuwa wapi saa ya kifo, na muuaji peke yake njo eko na ruhusa ya kudanganya, bale bengine ukibauliza basema kweli. Zéphy tulimupa kazi ya mufu juu yee hashikake maneno ya karatasi, tukasema kulala ataweza. Jina yake ni Bosi Malakiti, tajiri ya shaba, bamemupiga na pasi ya makala

*Didi (Bruxelles):* Kwa kuongezea kidogo. Hii michezo iko na historia. Anthony Pratt, Muingereza mupiga piano wa Birmingham, njo aliwaza Cluedo wakati ya vita ya pili, ikaanza kuuzwa mwaka 1949. Bashukiwa 6, silaha 6, vyumba 9. Zidisha: majibu 324

*Papa Mekano:* Didi ulihama Katuba lakini mu kikundi hautoke

*Kadogo:* Siye tuko na bashukiwa 5, silaha 4, vyumba 3. Ni 60 tu. Kwetu muuaji hana fasi ya kukimbilia

*Shemeji Pappy:* Hesabu na choo, Béa alikaa mule nusu saa

*Kadogo:* Basi 80

*Shefu ya Avenyu:* Nono. Kuko viti 40 na bashe mbili mu barabara. Hizo 80 zitanisaidia nini?

*Yaya Nono:* Shefu pole sana, utusamehe. Tulifunga mulango, sikuyua sauti inatoka

*Mama Ngoie:* Sauti ya Béa inafika mupaka ku komini ya Kenya

*Tantine Béa:* Miye nilikuwa mujane wa pili. Mujane wa pili analia kwa nguvu juu wa kwanza njo eko na karatasi ya nyumba. Nilikuwa na bitambaa bitatu, kimoja kya machozi, kimoja kya kamasi, kimoja kya kufunika mudomo nikiona mali ya marehemu

*Tantine Béa:* Na tena, mambo ilikuwa muzuri mupaka Nkambo akaharibu. Kila swali anajibu "ni miye nilimuua, mukule sasa bukari inapoa." Mara nne! Hana hata karatasi ya muuaji!

*Kadogo:* Na Shemeji Pappy ni kanali wa zamani mwenye anachoma nyama ya michopo, ukimuuliza ulikuwa wapi saa mbili hajibu, anakaa chini anaruka na matako kama Kidiaba, kipa wa Mazembe, mwaka 2010. Ile si jibu

*Shemeji Pappy:* Ni jibu. Muntu mwenye goti mubaya haue muntu

*Kadogo:* Goti mubaya lakini ulizunguka salo yote na matako

*Diakre Anselme:* Miye nilikuwa nabii. Nilisema toka mwanzo niliota muuaji ni muntu mwenye mikono. Mukacheka

21:10

*Yaya Nono:* Bon bajirani munaweza kuondosha matawi, tunaomba musamaha kwa bote

*Shefu ya Avenyu:* Dereva moja ya taksi amefika pale, amezima muziki, ametoa kofia. Amenipa 1 000. Nimuambie nini?

*Kadogo:* Mungoye. Nkambo anasema niandike: "Firigisi yangu iko wapi?"

*Yaya Nono:* Firigisi gani

*Kadogo:* Ya kuku. Ilikuwa juu ya sahani yake, imefunikwa na sahani ingine, ile ya maua. Mataa ilizima kama saa mbili na nusu, dakika kumi hivi, ikarudia, firigisi hakuna. Amefunua mbele ya bantu bote, bukari iko, supu iko, ile fasi ya firigisi imebaki shimo. Hacheke tena

*Tantine Béa:* Pappy

*Shemeji Pappy:* Juu ya nini Pappy?? Nilikuwa chini mu danse! Muulize nabii mwenye mikono

*Diakre Anselme:* Miye nilikuwa minaomba mu giza. Bamoja balisikia

*Tantine Béa:* Tulikusikia mupaka "Baba yetu", kisha kimya

*Diakre Anselme:* Nilikuwa minaomba mu roho

*Didi (Bruxelles):* Kwa njia ya akili: nani alikuwa karibu na meza, na nani hakuna muntu angemuzania?

*Mama Ngoie:* Mungoye kidogo

*Mama Ngoie:* Nilifika mataa inawaka tu. Kuko kitu sikusema, nilizania ni shetani. Ule mufu alikuwa anatafuna

*Yaya Nono:* Anatafuna??

*Mama Ngoie:* Polepole, macho yamefungwa. Shavu inapanda inashuka. Juu ya ile njo nilikimbia namna ile, mufu ya kawaida miye siogopake, nimeosha bengi

*Kadogo:* NIMEANGALIA SHUKA. Hapa ku kidevu kuko pilipili na mafuta, alama ya vidole vitatu. Mu salo, meza iko hatua mbili tu na fasi mufu alikuwa analala

*Tantine Béa:* Zéphy!!!

*Kadogo:* Anaandika… ameacha… anaandika

*Tonton Zéphy:* Kanuni ya muchezo. Mufu haulizwe swali

*Papa Mekano:* Ufufuke kwanza unilipe 12 000 kisha ukufwe tena vile unapenda

*Tonton Zéphy:* Nililala pale chini saa nzima. Harufu ya kuku inapita juu ya pua yangu. Hakuna mwenye aliuliza kama mufu amekula

*Kadogo:* Nkambo anasema kwake hakuna muchezo tena, asubui Zéphy atanunua kuku muzima, aue yee mwenyewe, na pasi ya makala kama anapenda

*Shefu ya Avenyu:* Tuko na shida ingine. Nyumba 13 zimelipa, ni 65 000, na 1 000 ya taksi. Liste sikuandika

*Tonton Zéphy:* Shefu, kwa heshima yote. Ile ni ya kilio ya nani?

*Papa Mekano:* Utoe 12 000 yangu mbele

*Shefu ya Avenyu:* Nkambo ataamua

*Kadogo:* Anasema viti bibakie, bashe ibakie, franka inunue Simba na munkoyo ya batoto, kila muntu akuye na sahani yake juu yetu haitoshe. Na Mama Ngoie, chumvi yako iko ku dirisha tangu mbele