Soda moja, watu wawili, mirija miwili! Huyu mratibu anatuonaje?

Mwiko wa Mbao
Wasimamizi, msiuhamishie uzi huu jukwaa la vichekesho. Hakuna anayecheka.

Mratibu wa mradi mnamjua. Sitaji jina. Yule wa flana ya kola, mwenye peni tatu mfukoni na hakuna hata moja yenye wino. Leo saa nane mchana, kikao cha mrejesho, watu waliozunguka siku TISA kuorodhesha kaya maskini wamegawiwa soda moja kwa watu wawili. Chupa moja. Mirija miwili. Na mirija kaitumbukiza mwenyewe, kwa vidole vyake, kama mtu anayefungisha ndoa.

"Kujitolea ni moyo," anasema. Mbele yake kuna maji ya lita moja na nusu na kimfuko cha korosho.

Meseji ya kuitana inatumwa saa nne usiku: kesho saa mbili kamili, ofisi ya mtaa. Saa mbili watu wapo. Yeye anaingia saa tano na robo, fomu hazijatolewa kopi, na duka la kopi umeme umekatika. Siku hiyo imekwenda na maji, ila kwenye taarifa yake imo, siku ya kazi.

Halafu agizo: fomu 30 kwa siku kila mtu. Thelathini! Dodoso lina kurasa nne. Ukisoma kila swali kama lilivyoandikwa ni dakika 25. Weka hodi, weka kusubiri mama aepue sufuria, weka uchochoro uliojaa maji, nusu saa na ushee imekwisha. Hata asiyekula wala kunywa hapiti kaya 14 mpaka magharibi. Zile 16 zilizobaki zinajazwa wapi? Chini ya mwembe, kwa kukisia. Ukiona fomu 16 mfululizo zimeandikwa watu watano, milo miwili, paa la bati, jua hizo zimepikwa. Sasa mpishi ni nani, aliyeshika peni au aliyedai thelathini?

Na muda wa kuzunguka kaupanga saa nne asubuhi. Maskini gani wa mjini yupo nyumbani saa nne? Muuza mihogo yupo barabarani, mbeba zege yupo saiti, mama anayefua nguo za watu katoka alfajiri. Wameambiwa wakikuta kufuli waandike "hayupo" wapite. Inavyotakiwa, mlango wenye kufuli unarudiwa mara tatu kwa saa tofauti: mara moja alfajiri, mara moja baada ya magharibi, mara moja Jumapili. Hakurudiwa mtu. Kwa hiyo wenye dhiki kuliko wote wametolewa kwenye orodha kwa kosa la kwenda kuhangaika.

Baada ya yote hayo, soda. Ya moto. Mirija miwili. Wawili wawili wanainamisha vichwa kama njiwa kwenye bakuli, watu wazima, mmoja ni bibi mwenye wajukuu sita!

Na kabla ya soda kulipita karatasi. Jina, simu, sahihi. Safu ya kiasi IKO WAZI. "Tutajaza ofisini."

Tui Bubu
Natandika mkeka hapa. Uzi bila picha ya mirija haujakamilika.

Nyuki Dume
Povu lote hili kwa soda? Ilikuwa soda gani kwanza? Kama ni ya tangawizi, wawili mnatosha kabisa.

Mwiko wa Mbao
Ya chungwa. Na haihusiani.

Nyuki Dume
Inahusiana. Ya chungwa ikiwa moto ni dawa ya mafua. Mratibu kawajali.

Mjumbe Mstaafu
Kijana, umeacha makubwa umeshika chupa. Hao watu walifundishwa kaya ni nini? Nyumba ya vyumba sita, mlango wa mbele mmoja, ukibisha mara moja ukajaza fomu moja umefuta kaya tano. Kaya ni wanaokula chungu kimoja. Unaingia mpaka uani, unahesabu majiko. Ndugu wawili wanalala chumba kimoja lakini kila mtu ana jiko lake, hizo ni mbili.

Tena nasikia kila mtu kapewa uchochoro anakoishi. Hapo lazima orodha ijae mashangazi. Mtu unamvusha shina la pili, anaongozana na mjumbe wa kule amwonyeshe milango, na mjumbe ANABAKI NJE. Mama mjane hawezi kutaja madeni yake mbele ya mjumbe anayemdai.

Mwiko wa Mbao
Mzee shikamoo. Kweli tupu. Lakini mirija, mzee. Kwa vidole vyake.

Chachandu
Ni TASAF hao, wale wa mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini?

Mwiko wa Mbao
Siyo TASAF, msinitie matatani. Wale mpango wao wa kunusuru kaya ulianza 2012 na utaratibu umeandikwa: jamii inapendekeza majina mkutanoni, kisha dodoso linapimwa kwenye mfumo. Huu ni mradi mdogo wa mjini, umeiga mkutano ukasahau kupima. Na soda hawakuiga kwa mtu, hiyo wameivumbua.

Chachandu
Basi subirini siku ya malipo, hapo ndipo mtalia vizuri. Namba za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa, zimekaguliwa? Ni tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu anasema kazaliwa 1958, namba inaanza na 1985, hapo hapo mlangoni unajua tarakimu zimegeuzwa. Ukiliacha linakuja kugundulika fedha zimeshagoma. Na laini ya simu! Bibi anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu. Jina la kwenye orodha na jina la kwenye laini hayafanani, malipo yanarudi yalikotoka. Kumuuliza laini ina jina la nani ni dakika moja. Na wapangaji wanahama, chukueni namba ya pili ya jirani au ndugu, la sivyo mtatafuta watu kwa kipaza sauti.

Mwiko wa Mbao
Fomu haina hata nafasi ya namba ya pili. Ina nafasi ya "maoni ya mratibu". Nusu ukurasa!

Tui Bubu
Maoni ya mratibu: mirija inatosha.

Bibi Karafuu
Ndiyo yenu hayo ya bara. Huku Unguja mtu hagongi mlango mpaka sheha, kiongozi wetu wa mtaa, ajue, na sheha akijua watu wanapewa chai na andazi. Ila na sisi tuna letu: mtu akikosana na sheha, jina lake halionekani tena mpaka sheha abadilishwe.

Mtaa wa Mabanda 254
Nyinyi mnalilia soda? Huku Kenya wahamasishaji wa afya ya jamii walizinduliwa 2023, karibu laki moja, kila mmoja na begi lake: mashine ya presha, ya sukari, mizani, na simu ya kuingiza data. Kaya mia hivi kwa kila mtu. Malipo ni shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kaunti. Sasa piga hesabu ya nusu mbili zinazotoka mifuko miwili. Moja ikikwama, mtu anapanda ngazi za ploti, yaani nyumba za kupanga, na begi lote kwa nusu mshahara. Na vipande vya kupimia sukari vikiisha, ile mashine ni pambo.

Chachandu
Afadhali nusu ya 5,000 kuliko nusu ya soda.

Mtaa wa Mabanda 254
Soda huwa haicheleweshwi na kaunti.

Mwiko wa Mbao
Wakuu, nimesema SAFU YA KIASI ILIKUWA WAZI. Hakuna aliyeliona hilo?

Mjumbe Mstaafu
Tumeliona. Dawa yake nyepesi: msisaini safu ikiwa wazi. Mtu akibanwa anaandika mwenyewe kwa peni "nimepokea soda nusu" kisha anasaini pembeni. Karatasi ya namna hiyo mkaguzi akiishika haiweki chini.

Nyuki Dume
Mzee kaua 😂

Pilipili Hoho
Mratibu ana nafuu. Nendeni mkaone wanaosimamia vikundi vya kuweka na kukopa kwenye miradi hiyo hiyo. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na wanachama watatu wasio viongozi, na sanduku analala nalo mwekahazina. Hapo sawa. Sasa mshika ufunguo mmoja anakwenda msibani Tanga na ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga. Watu 25 wamekaa mkekani, hisa mkononi, hakuna kufungua. Anaitwa fundi na grainda!

Chachandu
Kosa ni kutoandika kwenye katiba ya kikundi kwamba anayesafiri anakabidhi ufunguo kikaoni, mbele ya wote. Asimwachie mumewe.

Bibi Karafuu
Wekeni kufuli za namba basi.

Pilipili Hoho
Thubutu. Ya namba ikifunguliwa mara mbili mbele ya watu, mtaa mzima unaijua. Na karani anaiandika nyuma ya daftari ili asisahau.

Fundi Makufuli
Mmenigusa. Mnaonunua kufuli tatu za bei rahisi boksi moja, jaribuni funguo zote kwenye kufuli zote kabla ya kulipa. Mara nyingi ufunguo wa kwanza unafungua ya pili na ya tatu. Mnakaa na kufuli tatu kumbe mna moja.

Tui Bubu
Kwa hiyo ulinzi wote ule ulikuwa mapambo?

Fundi Makufuli
Ndiyo. Chukua kila moja duka tofauti.

Mwiko wa Mbao
Jamani turudi kwenye soda.

Pilipili Hoho
Soda ipi tena? Fundi, kwa sanduku la chuma la kawaida niweke ya milimita 40 au 50?

Fundi Makufuli
Arobaini inatosha. Hela inayobaki weka kwenye hasp, yale masikio ya kupitishia kufuli, uchomelee, usifunge kwa skrubu. Mwizi hahangaiki na kufuli, anang'oa masikio.