Msaada: kalamu ya akriliki imeng'aa nje, ndani kuna ukungu hautoki

Mkereza_Mpya
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri wa haraka, nimekwama na hata usingizi siupati vizuri.

Natengeneza kalamu za wino kwa mkono. Iliyopo mezani sasa ni ya akriliki ya buluu ya maji, inayopitisha mwanga, ya kumimina wino moja kwa moja tumboni bila katriji. Nje imeng'aa, ukiiweka juu ya karatasi unasoma maandishi. Shida ni ndani. Karibu na mdomo, zinapoanzia hesi, yaani ile mikato ya kufungia kwa kuzungusha, kuna ukungu. Nimepitisha kijiti chenye msasa wa maji mpaka namba 12000, nikamalizia na polishi ya plastiki. Ukungu uko palepale.

Swali langu ni moja tu: nianze na msasa namba ngapi ili utoke?

Msasa_Laini
Mkuu, hoja si kufika 12000, hoja ni ulianzia wapi. Mikwaruzo ya biti ya keekee ina kina. Ukianza na 1500 unaing'arisha tu, huiondoi. Rudi 400 au 600, kwa maji, na usipande namba mpaka mikwaruzo ya hatua hiyo iishe yote. Badili maji kila unapobadili msasa, maana chembe moja ya 600 ikibaki kwenye pamba imekuharibia kazi. Na kijiti kisizunguke tu, kiende mbele na nyuma pia, ndipo utaiona ile ya zamani ikikatizwa na mipya.

Karani_Mstaafu
Vijana mnanifurahisha. Mimi utumishi wangu wote niliandika kwa Parker 51 niliyoachiwa na marehemu baba. Kalamu hiyo ilitoka 1941, mwili wake Lucite, ambayo ni akriliki hiyohiyo, na mpaka leo inaandika. Ndani haionekani, wala sijawahi kutamani kuona. Siku hizi kila mtu anataka wino ucheze tumboni aushangae. Kalamu ni ya kuandikia, wanangu.

Wino_Zambarau
Mzee shikamoo, lakini kuuona wino ndiyo raha yenyewe! Ila mtoa mada, usisahau oringi, ile pete ya mpira, na grisi ya silikoni kwenye hesi, wino usivuje. Yangu nilikuwa naiandikia wino umebaki robo, mkono una joto, hewa ya ndani ikatanuka, nibu ikatema tone zima juu ya fomu iliyokwisha kusainiwa. Tangu siku hiyo naijaza mapema.

Fundi_Tezo
Ndugu Mkereza, weka msasa chini kwanza. Mimina maji safi tumboni, ishike mbele ya taa. Maji yanajaza mikwaruzo ya juujuu, kwa hiyo ukungu wa mikwaruzo utafifia. Utakaobaki uko ndani ya plastiki yenyewe, na huo hauna msasa.

Halafu nijibu matatu: fimbo ni ya akriliki iliyomwagwa kwenye kalibu au ile iliyosukumwa kwa mashine? Ulitoboa kavu au kwa maji? Na baada ya polishi ulisafisha kwa kitu gani?

Mkereza_Mpya
Ni ya kumwagwa, inatoa chenga safi, haigandi kwenye biti. Nilitoboa kwa maji, naingiza kidogo natoa. Maji nimemimina, ukungu wa katikati umefifia, wa mdomoni umebaki. Kwa hiyo ni 400 au 600?

Fundi_Tezo
La tatu hujalijibu.

Mkereza_Mpya
Spiriti. Sikuona kama inahusika.

Na kabla ya hapo nilipitisha moto wa gesi mdomoni, kidogo tu, kulainisha ukingo. Watu wengi wanafanya hivyo na kingo zinatoka wazi kabisa. Spiriti nayo ndiyo inayotoa mafuta ya polishi, maji peke yake hayatoi. Kalamu ilipendeza sana jioni ile.

Nilichopanga ni kudondoshea supa gluu nyembamba, ipenye, kisha niipolishi tena. Mteja ameshalipa nusu na nimeshamwambia iko tayari.

Fundi_Tezo
Basi tumefika penyewe. Biti, kisu cha hesi na hasa moto vinaacha mkazo ndani ya akriliki. Mkazo peke yake unaweza kukaa kimya. Ukileta spiriti juu yake, plastiki inaachia na kupasuka nyufa nyembamba sana. Kalamu zinapasuka zaidi kwenye hesi kwa sababu kila bonde la hesi linakusanya mkazo. Visafishia vioo vyenye amonia navyo uviogope.

Supa gluu usiiguse. Mvuke wake unaacha weupe, na gluu yenyewe inaweza kuipasua zaidi akriliki yenye mkazo.

Bi_Nukta
Mimi naona mnazunguka tu. Umechukua hela ya mtu, umemwambia kazi iko tayari, na unajua ina nyufa. Gluu hapo ni ya kumficha mteja. Siku wino umeingia kwenye huo ufa, rangi haitoki tena, na atakayeiona wa kwanza ni yeye.

Mkereza_Mpya
Dada, sijaficha. Nilitaka nimpe kitu kizuri. Na nyufa hazivuji, nimejaza maji na kuilaza usiku kucha.

Jicho_Kali
Wakuu, mnapoteza muda. Kwanza shida ilikuwa msasa, ikaja spiriti, ukaja moto, sasa mteja. Kila akibanwa anatoa kipande kipya. Mtu anajua kutoboa kwa maji, anajua fimbo ya kumwagwa, halafu spiriti haijui? Picha hakuna. Hadithi ya kutunga hii, kesho atatuletea polishi yake tununue.

Wino_Zambarau
Duh, na mimi nilianza kujiuliza picha iko wapi.

Mkereza_Mpya
Sina polishi ya kuuza. Picha nimepiga, kamera inashika ung'avu wa nje tu. Ukiisimamisha chini ya taa huoni kitu. Ilaze, izungushe taratibu: kinatokea kimstari cheupe kinachometa, ukizidisha kidogo kinazimika, kinawaka kingine pembeni yake. Vyote vimeanzia bonde la hesi ya kwanza na kuelekea upande mmoja. Ukipitisha ukucha ndani hugusi chochote. Kirefu kuliko vyote kimeshavuka hesi ya tatu, na jana asubuhi kilikuwa kinaishia ya pili.

Fundi_Tezo
Jicho_Kali, huyu anacho mkononi. Kuwaka na kuzimika kwa kuizungusha hivyo ndiyo tabia ya nyufa hizo, kwa sababu zinarudisha mwanga kwa pembe fulani tu.

Ila umesema inarefuka. Kutovuja leo hakukupi uhakika wa wiki ijayo.

Jicho_Kali
Sawa, kwa maelezo hayo nimekuelewa. Ungeanza nayo.

Mkereza_Mpya
Na nikikata huo mdomo, nikashusha hesi chini? Nina ziada ya milimita kumi hivi kabla kifuniko hakijakataa kukaa.

Fundi_Tezo
Hilo linawezekana. Kata uvuke kabisa mwisho wa ule ufa mrefu, uchunguze tena chini ya taa, maana joto haliungi ufa uliokwisha kutokea. Kikiwa safi, kipashe kwenye oveni kwa nyuzi 80 saa kadhaa ili mkazo utoke, uzime, kipoe humohumo bila kufungua mlango. Usikaribie 100, akriliki inaanza kulegea na tundu litapinda. Kata hesi mpya kwa kisu kikali, kidogo kidogo, kisha pasha tena kabla ya polishi ya mwisho. Kusafisha ni sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu basi.

Ukiona kimstari hata kimoja kimebaki, anza na fimbo nyingine.

Mkereza_Mpya
Nakata usiku huu. Mteja nitamwandikia kesho nikishaona inavyotoka.

Bi_Nukta
Mwandikie sasa hivi, kabla hujawasha hiyo mashine.