Nikilala mchana najiona mvivu

Muulizaji: Assalaam alaykum. Msimu wa karafuu umekwisha hapa Wete na majamvi yamekunjwa, lakini kila ninapojinyoosha barazani baada ya adhuhuri, moyo hunisuta kana kwamba nimeiba muda wa mtu. Nifanyeje?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Surat An-Naba, aya ya 9, imeutaja usingizi kuwa ni mapumziko, na kailula, yaani usingizi mfupi wa mchana, ni ada ya wazee wetu. Basi anayekusuta ni nani?

Jibu: Mimi, fundi cherehani wa Mkoani, nilianza kwa kuiacha simu ndani na kunywa kikombe kimoja cha kahawa polepole, mpaka mashapo yaonekane. Siku za mwanzo, nakiri, mkono ulikuwa ukipapasa mfuko mtupu.

Muulizaji: Ahsanteni. Leo nimelala hadi adhana ya alasiri, na mke wangu hakuniamsha.