"Bado mapema, bado mapema": wakala katuchelewesha mpaka chuo kimeanza bila mdogo wangu

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu na nimeuandika na hasira zangu, kwa hiyo anayetafuta vichekesho leo apite tu. Mdogo wangu wa kike alipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Uingereza. Masomo yalianza Jumatatu ya tarehe 22 Septemba 2025. Leo Oktoba inakatika, yeye yupo kwangu Tabata anamsaidia wifi yake kukuna nazi. Viza hatukunyimwa, hatukuomba kabisa. Muda ulitupita tumekaa na hela mkononi.

Barua ya kukubaliwa ilitoka Februari. Tukaenda kwa wakala mmoja wa vyuo vya nje hapa Posta, ghorofa ya tatu, simtaji maana sina hamu ya kesi. Ofisi ya maana: kiyoyozi, ramani ya dunia ukutani, picha za vijana waliovaa makoti mazito wameshika theluji. Tukalipa laki sita ya huduma. Machi nikauliza, mambo ya viza tunaanza lini? Dada wa pale akatabasamu: "Kaka, bado mapema." Aprili, bado mapema. Mei nikapanda tena zile ngazi (lifti yao mbovu tangu nizaliwe), jibu lile lile, safari hii na nyongeza: "Tukiomba sasa hivi watatukataa."

Ukiwa nje ya Uingereza unaruhusiwa kuomba viza ya mwanafunzi kuanzia miezi 6 kabla ya masomo kuanza. Kwetu mlango ulifunguka tarehe 22 Machi. Ni kweli huwezi kuomba bila CAS, ile namba chuo kinayokupa kuthibitisha kwamba wamekupokea, na vyuo vingi haviitoi mpaka ulipe sehemu ya ada. Sawa. Basi mtu wa kazi hiyo angesema: lipeni mapema, CAS itoke mapema. Sisi tulilipa Juni, kwa sababu yule wa kutuambia alikuwa na wimbo wake mmoja tu. CAS ikaja tarehe 28 Julai.

La CAS ningemsamehe. Kilichonitoa povu ni la hela.

Jamani, hawataki tu uwe na hela. Wanataka hela ilale. Siku 28 mfululizo, salio lisishuke hata siku moja chini ya kiwango, na siku ya mwisho kati ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 mpaka siku unayotuma maombi. Kwa chuo kilicho nje ya London kiwango wakati ule kilikuwa pauni 1,136 kwa mwezi, wanakuhesabia miezi 9, jumla pauni 10,224. London ilikuwa 1,483 kwa mwezi. Juu yake weka ada ambayo hujalipa, kwetu ilibaki pauni 4,800. Kwa madafu ni milioni 50 na chenji.

Milioni 50 kwa familia kama yetu haitoki mfuko mmoja. Mjomba kauza kiwanja Chanika. Mama alisubiri kikoba kivunjwe, akaleta chote. Mimi nikakopa, nikachota na mtaji wa duka la vipuri. Hela ikakusanywa kwenye akaunti yangu, maana baba alishatangulia na mimi ndiye mkubwa. Tarehe 20 Juni ilikuwa imetimia yote. Nikamuuliza yule dada, ikikaa kwangu ni sawa? "Haina shida kaka, utaandika barua ya udhamini, wakili atagonga muhuri."

Hapo ndipo tulipokwisha. Wanachotambua ni akaunti ya mwanafunzi mwenyewe au mzazi wake. Mlezi naye anakubalika, ila awe mlezi kisheria, na mwenza pia yumo. Kaka hayumo. Mjomba hayumo. Shangazi aliyekulea toka chekechea hayumo, mpaka awe na karatasi. Kwetu kaka mkubwa ni baba, lakini karani wa viza ukoo wako haujui, anasoma jina lililo juu ya statimenti basi.

Na hili tuligundua wenyewe. Mdogo wangu alikuwa anasoma maelekezo yaliyokuja na CAS, usiku, umeme umekatika, simu ina asilimia 9. Akanigongea: "Kaka, samahani, jina lako halimo humu."

Hela ilikuwa imelala kwangu tangu tarehe 20 Juni. Ingelala kwake, siku 28 zingetimia katikati ya Julai, kabla hata CAS haijatoka. Tungeomba siku ile ile CAS ilipofika, na majibu yao kwa kawaida ni wiki 3. Agosti ikiisha mtoto yupo bwenini.

Tukafikiria akaunti ya mama. Mzazi anakubalika, ila inatakiwa barua yake ya ridhaa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinachoonyesha kwamba ndiye. Cheti cha RITA kimemwandika mama Mwanahamisi. Kitambulisho chake cha NIDA, Mwanahamis. Herufi moja! Kuanza kusahihisha majina Agosti ile ni kujitafutia presha, tukaona iende kwa mwenye safari.

Tarehe 4 Agosti nikahamisha. Wakala akapiga hesabu ya pauni kwenda shilingi, akanipa namba mpaka mia ya mwisho. "Weka hiyo hiyo kaka, ukizidisha watauliza imetoka wapi." Nikaweka hiyo hiyo, mimi mtu mzima na akili zangu. Hata wazo tu kwamba shilingi inapanda na kushuka, na kwamba wao wanabadili kwa kiwango cha siku unayotuma maombi, hakunipa. Ukiweka namba kamili bila ziada umejiweka kwenye mdomo wa mamba.

Ijumaa tarehe 29 Agosti, siku ya 26, benki ikakata makato yake ya mwezi. Elfu nne na ushee.

Tulikuja kuona Jumatatu, tulipokwenda kuchukua statimenti yenye muhuri. Mdogo wangu alishuka na kidole kwenye safu ya salio, mstari kwa mstari, kikafika kwenye ule mstari kikasimama. Hakulia wala hakusema kitu. Nyuma yetu mzee mmoja akawa anauliza, "Mmemaliza, wanangu?" Elfu nne, wakuu. Chipsi mayai.

Akawaandikia watu wa viza wa chuo siku hiyo hiyo. Kesho yake wakajibu, kwa upole kweli: mkituma hivi mtakataliwa, siku zianze upya. Tulikuwa tumejazia tarehe 1 Septemba, siku 28 zinatimia tarehe 28. Utume tarehe 29, usubiri wiki 3, na chuo kilikuwa kinafunga usajili tarehe 3 Oktoba. Wakamsogeza Januari.

Januari nayo haiji bure. Kuanzia tarehe 11 Novemba 2025 kiwango kinapanda kutoka 1,136 kuwa 1,171, na London kutoka 1,483 kuwa 1,529. Miezi 9 ni pauni 10,539. Atakayetuma kabla ya siku hiyo anahesabiwa kwa bei ya zamani, lakini CAS mpya tumeambiwa mwishoni mwa Novemba. Kwa hiyo pauni 315 nyingine, kama milioni moja hivi, mjomba hana kiwanja kingine. Ada ya viza pauni 524 (bei ya 2025) na bima yao ya afya pauni 776 kwa mwaka (na kipande cha mwaka kinachozidi nacho wanakutoza) bado hatujazigusa.

Cheti cha kifua kikuu tulipima tarehe 10 Julai, kinaishi miezi 6. Tukituma Desemba tumepona, tukiteleza mpaka katikati ya Januari tunapima na kulipa tena. Na sisi tulipata jibu safi siku ile ile. Ukiwa na kovu la zamani kwenye pafu, eksirei ikaonyesha kivuli, makohozi yanaoteshwa maabara na jibu linaweza kuchukua mpaka wiki 8. Hebu fikiria mtu kaambiwa "bado mapema" akaenda kupima Agosti.

Wenye watoto mnaofikiria mwakani, ninavyoona mimi ni hivi: kalenda uisome kinyumenyume, kama mpangaji anayeijua siku ya kodi. Anza na siku ya darasa la kwanza, toa wiki 3 za majibu na nyingine 3 za figisu. Toa siku 28 za hela kulala. Nyuma ya hapo weka wiki za kuunganisha michango ya ukoo, maana shangazi akisema "Ijumaa" hujui ni Ijumaa ipi. Kipimo cha kifua kikifanyika wakati hela inalala hakikuli muda. Pasipoti na majina kwenye vyeti, hayo ni ya mwaka mmoja kabla. Kwa masomo ya Septemba unajikuta hela inatakiwa iwe kwenye akaunti sahihi mwanzoni mwa Julai, na michango ianze Mei au Juni, mwezi ule ule wakala anakwambia ukapumzike.

Wa kidato cha sita mna kibano kingine, matokeo yanatoka Julai na mwenyewe huenda yupo kambini JKT. Kama hujaandaa hela na pasipoti kabla, Septemba iache. Na anayesema akimbilie Ujerumani kwa sababu hakuna siku 28, kule hela inafungiwa kwenye akaunti maalumu, yuro 11,904 za mwaka, unachotewa 992 kwa mwezi ukishafika. Viza yao huchukua wiki nyingi kuliko hizi za Uingereza. Saa ni ile ile.

NYONGEZA: Mnaouliza kwa nini sitaji jina la ofisi, nimeshasema. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wana orodha ya mawakala walioruhusiwa kupeleka wanafunzi nje, angalia hapo kabla hujatoa hata mia. Mimi sikuangalia, niliangalia kiyoyozi.

NYONGEZA YA PILI: Mdau mmoja kanifuata pembeni, naye ameshapitia haya, kanimaliza kabisa. Anasema siku ile tulipoona salio limepungua, tungelipa chuoni hata pauni 50 za ada kwa hela nyingine, chuo kikarekebisha CAS. Ada inayodaiwa ingeshuka, kiwango kinachotakiwa kingeshuka nacho, na elfu nne ile isingekuwa pungufu tena. Zile siku 28 zingekuwa halali. Nimeisoma ile meseji mara tatu nikiwa dukani, mteja amesimama anasubiri plagi, nikamwambia arudi kesho.

Watu wa chuo hawakutuambia hilo, labda kwa sababu hatukuwauliza. Lakini wao sijawapa laki sita.

NYONGEZA YA TATU: Mnaosema nikadai hela yangu, nimepiga simu leo asubuhi. Hela ya huduma hairudishwi, ipo kwenye fomu tuliyosaini. Basi nikasema, kama ni hivyo tufanye kazi iliyobaki: makato ya Novemba na Desemba tumeshayawekea laki mbili za ziada, hela ipo kwa jina lake, sasa niambieni CAS ya Januari mnaifuatilia lini. Nikasikia anafungua daftari.

"Kaka, ya Januari si bado mapema?"

Nimekata simu. Kama kuna aliyewahi kufuatilia CAS mwenyewe moja kwa moja na chuo baada ya kuanza na wakala, aniambie barua ya kumwondoa wakala inaandikwaje. Nataka itoke leo.